Jani Kwenye Mguu wa Droni

Jina la Kimo alipewa shule ya msingi, na halikuwa jina la heshima. Alikuwa mfupi kuliko wote darasani, na kila mwalimu alipotaka mtu wa kufuta sehemu ya juu ya ubao, sauti fulani kutoka nyuma ilisema, "Mpeni Kimo." Akakua kidogo, akaolewa, akajifungua mapacha, mtaani akageuka Mama Pacha. Lakini kazini jina la shule lilimtangulia, kwa kuwa mama wa mapokezi alikuwa amesoma naye, na hata kabla hajaonyeshwa meza yake jengo zima lilikwisha kulijua. Hakuchukia. Safari hii jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la dawa lililohudumia zahanati za ng'ambo ya vilima. Kwa barabara, pikipiki ilizunguka vilima nusu siku nzima, na mvua ikinyesha haikufika kabisa. Kwa hiyo ghala lilinunua droni, vyombo vyenye mabawa ya kuzunguka na kisanduku tumboni, vinavyobeba damu, chanjo na dawa za haraka. Hazikuwa na mtu wa kuzishikia usukani. Zilipaa zenyewe, zikafuata njia iliyochorwa kwenye kompyuta, zikatua kwenye uwanja wa zahanati na kurudi. Kimo ndiye aliyezichorea njia hizo. Zamani alikuwa mchora ramani, na alipohamia ghalani alipewa jambo moja la kushughulika nalo: kila droni, katika kila hatua ya njia yake, iwe juu kiasi gani.

Watu walidhani ni kazi ya kukaa na kubonyeza namba. Hata nyumbani. Jioni moja mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu goti lilipoanza kumsumbua, alimuuliza huku akimenya vitunguu.

"Mwanangu, hivyo vidude vyenu, kwa nini msivipaishe juu kabisa mkapumzika na mahesabu?"

"Juu kuna wenyewe, mama. Kuna ndege za watu. Sisi tumepewa mwisho wetu, mita mia na ishirini kutoka ardhini. Hapo hatupiti."

"Basi vipitisheni chini."

"Chini kuna miti, kuna nyaya, kuna minara, kuna watu wanajenga bila kutuambia."

Mama mkwe aliweka kisu pembeni akafikiri. "Kumbe ni kama mimi na hili jiko lako. Nikisogea huku nagonga kabati, nikisogea huku naungua."

Baba Pacha, mumewe, aliyekuwa sakafuni akitengeneza jokofu la mteja, alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kimo naye alicheka, lakini moyoni aliona kuwa hakuna aliyewahi kuieleza kazi yake vizuri kuliko hivyo. Ilikuwa kutafuta pa kupita kati ya kabati na jiko. Na pembamba kuliko pote palikuwa kwenye njia ya zahanati ya mbali, pale droni ilipolazimika kuvuka mgongo wa kilima kirefu. Hapo alikuwa ameipa mita sitini juu ya kilele. Kwenye ramani aliyotumia kulikuwa na miche ya mikaratusi tu. Aliiongezea nafasi ya kukua, akaona inatosha na kubaki.

Asubuhi moja kijana aliyesimamia urushaji aliingia na droni mikononi kama aliyebeba kuku anayekataa kuchinjwa, akaiweka juu ya meza ya kusafishia. Kijana huyu waliyemwita Rubani hakuwahi kupanda ndege maishani, na jina hilo alilibeba kwa fahari yote. Kimo alikuwa akipita na kikombe cha chai. Akasimama.

"Hiki nini?"

Kati ya mguu wa droni na kisanduku palikuwa na jani limebanwa, jembamba, refu, kama ulimi wa mjusi. Bado lilikuwa bichi.

"Jani, dada," Rubani alisema.

"Naona ni jani. Limefikaje?"

"Upepo."

Kimo alilichomoa, akalikunja kati ya vidole, akanusa. Harufu ya dawa ya mafua ikamjaa puani. Mkaratusi. Akaenda dirishani na kutazama nje. Kuzunguka ghala palikuwa na michongoma na mwembe mmoja wa jirani. Kwenye zahanati droni inakotua, aliujua uwanja ule kwa picha, palikuwa na nyasi fupi na bomba la maji. Mikaratusi ilikuwa mahali pamoja tu katika njia nzima.

"Upepo umelibeba hili jani kutoka mtini, ukalipandisha juu zaidi ya mita thelathini, ukalibana hapo?"

Rubani aliinua mabega. "Upepo una mambo yake, dada."

Kimo alikaa kwenye kompyuta na kufungua kumbukumbu ya safari. Droni hujiandikia yenyewe ilikopita na ilikuwa juu kiasi gani. Akaifuata hatua kwa hatua. Juu ya bonde, sawa. Kwenye mteremko, sawa. Juu ya mgongo wa kilima, sawasawa kabisa na alivyopanga, hakuna hata mita moja iliyopungua. Akafungua safari ya siku iliyotangulia, ikawa vile vile. Chai ikapoa. Kama kumbukumbu ingeonyesha kosa, angeogopa kisha angelirekebisha. Lakini kumbukumbu ilisema droni haikushuka, na jani lilisema imeshuka, na vyote viwili vilikuwa mbele yake mezani.

Alijua la kufanya kwanza, nalo halikuwa tamu. Alipanda ofisini kwa mfamasia mkuu, mwanaume mzito wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kila anapopewa habari mbaya.

"Naomba tuifunge njia ya kilimani," Kimo alisema.

"Kwa sababu?"

Akaliweka jani juu ya meza yake. Mfamasia alilitazama, akafuta miwani, akalitazama tena.

"Hili?"

"Hili, mkuu. Jani likifika kwenye mguu, tawi haliko mbali. Likigusa bawa, ile damu inaangukia kichwani kwa mtu."

Mfamasia hakubishana. Alipiga simu stoo akaamuru pikipiki iandaliwe. Baada ya muda mfupi simu ya Kimo ikalia. Alikuwa mkunga wa ile zahanati, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Nasikia mmefunga njia kwa sababu ya jani."

"Ndiyo, dada mkunga."

"Limewafanya nini hilo jani?"

"Bado sijui. Ndicho ninachotafuta."

"Mimi huku nina akina mama wanaokaribia siku zao, na mmoja damu yake haimtoshi hata yeye mwenyewe. Nyie mnaogopa jani." Kisha akashusha sauti. "Haya. Ni heri nichelewe kupata kuliko nisipate kabisa. Lakini usilale, mwenzangu."

Kimo hakuwa na nia ya kulala. Kesho yake pikipiki ya dawa ilipoondoka, yeye alikuwa nyuma ya dereva, kofia ya chuma imemfunika mpaka nyusi, kisanduku cha barafu kati yake na mgongo wa mwenye pikipiki. Mfamasia alikuwa amemwambia angeweza kumtuma mtu mwingine akapige picha. Kimo akajibu kuwa hajui amwambie huyo mtu apige picha ya nini.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kufika kilimani. Miaka yote alikitazama kwa juu, kwenye skrini, kimekunjamana kama shuka ambalo halijanyooshwa. Sasa kilikuwa mbele yake, na kilipanda, na kilipanda tena, na masikio yake yakaziba. Dereva alimshusha penye njia ya miguu, akamwonyesha kwa kidevu, akaendelea na safari yake. Kimo akapiga moyo konde na kupanda.

Mikaratusi ilianza ghafla, kama ukuta. Ilikuwa imenyooka, myeupe kwa chini, magome yakining'inia kama karatasi za ukutani zilizobanduka. Alikunja shingo kutazama juu mpaka kofia ikataka kuanguka. Hii haikuwa miche tena.

"Umetoka ofisi ya kodi?" sauti iliuliza.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya mpira na panga kiunoni. Baadaye Kimo aliambiwa kuwa eneo zima lilimwita Mama Nguzo, maana miti yake ndiyo iliyouzwa kwa nguzo za umeme.

"Hapana, mama. Shikamoo. Natoka ghala la dawa. Mimi ndiye ninayepanga ile droni inayopita hapa."

"Marahaba." Mama Nguzo alimpima kutoka utosini mpaka miguuni, na haikumchukua muda. "Wewe ndiye unayeipanga juu?"

"Mimi."

"Mungu ana utani wake." Akatabasamu. "Basi afadhali umekuja. Nilikuwa nataka kuuliza kwa nini imeshuka."

"Imeshuka?"

"Zamani ilikuwa ikipita unasikia kama nyuki chumba cha pili. Siku hizi inapita kama nyuki ndani ya kofia. Mbuzi wangu wanakimbia."

"Ilianza kushuka lini? Kidogo kidogo?"

"Hapana. Wiki iliyopita, Jumatano ilikuwa juu, Alhamisi ikawa chini. Nikasema labda imechoka, kama sisi."

Kimo alimshukuru, akaomba ruhusa ya kupima mti. Mama Nguzo, ambaye alizoea wapimaji waliokuja kununua, alitaka kujua anapimaje bila kamba wala kukata. Kimo akatafuta kijiti kilichokuwa sawa na urefu wa mkono wake, akakishika wima mbele ya uso, akaanza kurudi nyuma taratibu huku amefumba jicho moja, mpaka kijiti kikaufunika mti mzima, shina kwenye ngumi na kilele kwenye ncha. Hapo akasimama.

"Sasa kutoka hapa mpaka shinani ndio urefu wa mti," alisema.

"Kwani mti umelala?"

"Ungelala, kilele kingefika hapa miguuni pangu."

Mama Nguzo hakuridhika. Alikichukua kijiti, akakuta ni kifupi kwa mkono wake, akajikatia chake, akajaribu mwenyewe kwenye mti mwingine, kisha kwenye mwingine, akinung'unika kwa furaha. "Na hawa wanunuzi miaka yote wananiambia macho yao hayakosei," alisema. Walipima miti kadhaa, kila mmoja na kijiti chake, wakahesabu hatua mpaka shinani, wakabishana kidogo, wakakubaliana. Mrefu kuliko yote ulikuwa na mita thelathini na mbili.

Kimo alikaa kwenye kisiki. Sitini toa thelathini na mbili. Zilibaki ishirini na nane, karibu kimo cha mti mwingine mzima, hewa tupu kati ya kilele cha mti na mguu wa droni. Ramani yake ilikuwa imezeeka, hilo lilimchoma na alijua atalisema mbele ya mkuu wake. Lakini miti peke yake haikuweza kulifikisha jani pale juu. Isitoshe, miti haikui kati ya Jumatano na Alhamisi. Kitu kilichoshuka kwa siku moja kimeshushwa na mtu.

Akampigia Rubani.

"Wiki iliyopita, Alhamisi, mlibadilisha nini kwenye droni?"

"Hakuna, dada. Naapa."

"Betri?"

"Zile zile."

"Programu?"

"Sijaigusa. Mimi nafungua, nabonyeza, inaenda. Kila kitu pale pale."

Kimo alifumba macho. Alimfahamu Rubani kuwa si mwongo, alikuwa mtu wa kusahau yale anayoyafanya kila siku, kama watu wote. "Basi nisimulie," akasema. "Kisanduku kimefungwa. Umebeba droni. Unatoka mlangoni. Unafanya nini?"

"Natoka mlangoni. Nafunga mlango. Nashuka ngazi, napita kwa mlinzi..."

"Unashuka?"

"Nashuka, ndiyo."

"Unashuka kwenda wapi? Si unapanda paani?"

"Paani kuna mafundi, dada. Wanaziba lile paa linalovuja, wamemwaga lami kote. Siku hizi tunarushia kule chini, kwenye maegesho."

Kimo alisimama kutoka kwenye kisiki bila kujijua. Maegesho ya ghala yalikuwa nyuma ya jengo, chini kabisa ya mteremko. Kutoka paani mpaka pale, ghorofa zote pamoja na ule mteremko, zilikuwa mita ishirini na sita.

"Upo, dada?"

"Nipo."

"Nimeharibu?"

"Subiri kwanza," Kimo alisema, maana wakati ule alikuwa na furaha isiyofaa kuonyeshwa, furaha ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni.

Mama Nguzo alikuwa amesimama karibu, hajifichi kuwa anasikiliza. "Umeipata?"

"Nimeipata, mama." Akajaribu kumweleza. "Hii droni haijui kilima. Haijui hata chini ni wapi. Ikiwashwa, pale iliposimama inapaita sifuri, na kila kitu inakihesabu kutoka hapo. Nilipoipangia, nilijua itaanzia paani. Sasa wameishusha chini, kwenye maegesho. Yenyewe imepanda vile vile nilivyoiambia, lakini imeanzia chini, kwa hiyo imefika chini."

Mama Nguzo alitafakari. "Kama mtu umwambie apande ngazi kumi, halafu umwanzishe kwenye shimo."

"Hivyo hivyo."

"Na yeye anaapa amepanda kumi."

"Na kweli amepanda kumi."

Walitazama juu pamoja. Ishirini na nane toa ishirini na sita: mita mbili. Siku zote zile droni ilikuwa ikipita mita mbili juu ya mti mrefu kuliko yote, na damu ya watu tumboni, na siku upepo ulipoinua tawi kidogo, tawi likaipapasa mguu na kuiachia. Rubani hakukosea kuutaja upepo. Hapo ndipo hofu ilipomfikia Kimo, ikiwa imechelewa.

Mkutano, ofisini kwa mfamasia, ulikuwa mfupi. Rubani aliketi ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuchomwa sindano. Kimo alieleza yote kwa mfuatano, akianza na lake: ramani ilikuwa ya zamani, miti imekua, na yeye ndiye aliyepaswa kuuliza. Alipofika kwenye maegesho, Rubani alifungua mdomo kujitetea, lakini mfamasia alimtangulia.

"Mimi ndiye niliyemwambia ashuke," alisema. Alikuwa ameshika miwani bila kuifuta. "Mafundi walilalamika anawakanyagia lami. Nikamwambia tafuta mahali pengine. Sikudhani ni jambo la kukupigia simu."

"Mimi pia nisingedhani, mkuu," Kimo alisema, na alikuwa akisema kweli. "Sote tunasema droni inaruka juu mita kadhaa. Hakuna anayemalizia sentensi."

"Inamaliziwaje?"

"Juu ya nini."

Hapo kikao kikageuka kuwa kazi. Kimo alitaka vimo vyote vipangwe upya, kutoka usawa wa bahari, kitu ambacho hakihamishwi na mafundi wa paa. Kila njia ifuate ardhi, ikipanda kilima kinapopanda na kushuka kinaposhuka, na juu ya ardhi iongezwe miti, na juu ya miti iongezwe nafasi ya upepo na ya makosa ya vipimo. Kisha akataka droni, kabla ya kupaa, ijilinganishe na ramani: ikijikuta imesimama mahali pasipo pake, ikatae kuondoka mpaka mtu aje kuuliza kulikoni.

"Ikatae yenyewe?" mfamasia aliuliza.

"Yenyewe."

"Hata nikiiamrisha mimi?"

"Hasa ukiiamrisha wewe, mkuu," Rubani alijibu kabla hajajizuia, na mfamasia, baada ya kumkazia macho kwa muda, akaangua kicheko ambacho jengo lile halikuwa limekizoea.

Siku zilizofuata Kimo aliishi kwenye ramani. Alitafuta picha mpya, akazipitia njia zote, si ya kilimani tu. Kila alipogusa alikuta la kushangaza. Mahali fulani palikuwa na mnara wa simu ambao mwaka uliopita haukuwepo. Kwingine ziwa dogo lilikauka, watu wakajenga. Kulikuwa na njia moja aliyoipanga juu sana bila sababu, na akakaa anajiuliza alikuwa akiogopa nini siku ile. Nyumbani alichora vilima kwenye meza kwa kidole chenye maji. Baba Pacha akawa anasogeza sahani pembeni bila kuuliza. Mama mkwe aliuliza kwa niaba ya wote.

"Sasa hiyo bahari mnayopimia, si inapanda na kushuka?"

Kimo alibaki na kijiko hewani. Kisha akaeleza kuwa wataalamu walichukua wastani wa maji kupwa na kujaa kwa miaka mingi, huo ndio ukawekwa kuwa usawa wa bahari. Mama mkwe akasema wastani ni neno la watu waliochoka kubishana. Kimo alikiri kuwa hajawahi kulifikiria hivyo, na akaenda kusoma zaidi.

Siku ya kuijaribu njia mpya aliomba awe kilimani. Rubani alibaki mjini, paani, maana lami ilikuwa imekauka. Kisanduku kilijazwa mchanga badala ya damu. Mama Nguzo aliwafungia mbuzi, akaleta vigoda, akajikalia kama aliye kwenye harusi ya ndugu.

"Penye miti hapana wajenzi," alisema, "lakini leo wapo."

Simu ikalia. "Imepaa, dada," Rubani alisema. "Imejikubali yenyewe. Kwanza niliijaribu kule maegesho kama ulivyoniagiza. Iligoma."

"Iligoma vipi?"

"Kama punda. Taa nyekundu, haisogei. Niliipenda."

Walisubiri. Kwanza hapakuwa na kitu, isipokuwa magome yakikwaruzana. Kisha ukaja mvumo mwembamba kutoka upande wa bonde, na Mama Nguzo akainua kidole. Droni ilitokea juu ya miti, nyeupe, ndogo kuliko Kimo alivyotarajia, ikaenda moja kwa moja bila haraka. Kati yake na vilele kulikuwa na anga la kutosha kabisa. Kunguru wawili walipita katika nafasi ile, chini ya droni na juu ya miti, wala hawakugeuza vichwa.

Kimo alikuwa amesimama. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika namba na kuzituma mbali, na hakuwahi kuiona hata moja. Sasa moja ilikuwa inapita juu yake, imekaa pale alipoiweka. Akajifanya anatazama simu.

"Nyuki chumba cha pili," Mama Nguzo alisema.

Droni ikavuka mgongo wa kilima, ikateremka upande wa pili kama ilivyoagizwa, ikapotea. Baada ya muda sauti ya mkunga ilijaa kwenye simu kiasi kwamba hata mbuzi waliisikia. "Mmenitumia mchanga," alisema.

"Ni majaribio, dada mkunga. Ya pili ni damu."

"Na iwe ya pili kweli. Yule mama wangu nimeshamlaza kitandani, anasubiri."

Ya pili ilikuwa damu, na ilifika kabla Kimo hajamaliza maji aliyopewa na Mama Nguzo. Yule mama alijifungua siku iliyofuata, akaongezewa damu, akapona. Kimo aliambiwa tu kwa simu, katikati ya mazungumzo mengine kuhusu chanjo, kwa sababu kwa mkunga hiyo ilikuwa Jumanne ya kawaida.

Tangu hapo Mama Nguzo alikuwa akimpigia Kimo kila msimu wa mvua unapoisha, kumwambia miti yake imefika wapi. Alipima kwa kijiti, na akiwa na mashaka alipima mara mbili. Alipoamua kukata upande mmoja na kupanda upya, alipiga simu kabla hata ya kuwaambia wanunuzi. Kimo naye aliiteremsha njia pale kidogo, akaipandisha tena miaka ilipopita.

Na yeye mwenyewe alibadilika kwa namna ambayo mumewe aliiona kwanza. Hakuweza tena kupita mtaani akiangalia mbele tu; macho yalipanda juu. Jumamosi moja walikuwa wakirudi kutoka kupeleka jokofu la mteja, mapacha nyuma ya gari wakigombania dirisha, na Kimo akamshika mumewe bega.

"Simama hapo, Baba Pacha."

"Kuna nini?"

Upande wa pili wa barabara, nyuma ya uzio wa mabati, mafundi walikuwa wanasimamisha mashine ya kuinulia zege, kipande juu ya kipande. Tayari ilikuwa imelipita jengo la jirani. Kimo alishuka, akavuka barabara, akagonga bati mpaka msimamizi akatokea, mtu wa jasho na kofia ya njano.

"Samahani, kaka. Hii mashine inaenda juu mpaka wapi?"

Msimamizi alimtazama, akainamisha kichwa kidogo ili macho yao yakutane. "Mpaka tutakapomaliza. Kwani wewe nani?"

"Mpaka mtakapomaliza ni mita ngapi?" Kimo aliuliza. "Kutoka hapa tuliposimama."

Yule mtu aligeuka akaitazama mashine yake, kama anayeiona kwa mara ya kwanza, akaanza kuhesabu vipande kwa kidole.